Kuacha ya Kale Mbele ya Majirani: Ukristo na Upya wa Maisha Kisiwani Pemba

Mtu anayesimama kwenye mkutano wa injili viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam, na kutangaza kwamba ameacha pombe ana bahati ambayo pengine mwenyewe haioni: karibu wote waliomzunguka hawamjui. Watapiga makofi, watasema amina, kisha kila mmoja atatafuta daladala la kumrudisha kwao. Pemba hakuna bahati hiyo. Kisiwa kina watu zaidi ya nusu milioni, Waislamu karibu wote, na Wakristo ni wachache kiasi kwamba mtaa mzima wa Chake Chake au Wete unajua nani huenda kanisani, nani alikuwa akirudi usiku akiyumba, nani ana deni la miezi mitatu dukani. Akisema amekuwa mtu mpya, wapo wanaomkumbuka yule wa zamani, na hawana haraka ya kumsahau.

Ndiyo maana naona Pemba ni mahali pa kufaa kulitazama swali ambalo mahubiri yetu hulipitia mbio. Paulo aliwaandikia Waefeso na Wakolosai kuhusu kumvua mtu wa kale kama mtu avuavyo nguo na kumvaa mpya. Wakorintho akawaambia habari za kiumbe kipya, Warumi akawataka wageuzwe nia zao. Wahubiri wengi huyachukua maneno hayo na kuyaingiza moyoni moja kwa moja, wakamwacha mtu na Mungu wake peke yao chumbani. Lakini barua zile ziliandikiwa watu waliokuwa wakiishi pamoja, na baada tu ya habari za nguo Paulo anashuka kwenye uongo, wizi, hasira na matusi, mambo ambayo hayatendeki bila jirani kuwapo. Kwa hiyo maswali ni mawili: mtu anaacha nini, na nani atakayekubali kwamba ameacha? Zaidi ya miaka 125 ya Ukristo Pemba imekuwa ni kuhangaika na swali la pili kuliko la kwanza.

Historia hiyo inaanza na karafuu. Dhoruba ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao. Mikono iliyopanda, iliyopalilia na iliyochuma ilikuwa kwa sehemu kubwa ya watumwa walioletwa kutoka bara. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa utambuzi wa kisheria wa utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumtoa mtu shambani asubuhi iliyofuata. Mtumwa mwenyewe ndiye aliyetakiwa kwenda kudai uhuru wake, bwana akalipwa fidia, na mtumwa huyo aeleze atakaa wapi na ataishi kwa kazi gani, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje mpaka 1909. Kamishna aliyewekwa Pemba kusimamia shughuli hiyo alikuwa J. P. Farler, kasisi aliyepata kuitumikia Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, kule Magila. Kwa hiyo hata pale ofisini, mbele ya karatasi za serikali, alikuwapo mtu wa kanisa.

Na kanisa lilikuja. Mwaka huohuo wa 1897 Marafiki wa Uingereza, wale wanaoitwa pia Wakwekeri, waliwatuma Theodore Burtt na Henry Stanley Newman kuitazama hali. Shamba la mikarafuu la Banani, upande wa ghuba ya Chake Chake, likanunuliwa liwe makao ya misheni ya kazi. UMCA, ambayo tayari ilikuwa imejenga kanisa kuu Mkunazini mjini Unguja kwenye kiwanja cha soko la watumwa lililofungwa 1873, nayo ikaweka kituo upande wa Wete. Aliyeachwa huru alihitaji makazi na kazi ili asikamatwe. Misheni ilikuwa na ardhi na karafuu za kuchumwa. Wokovu ukaanzia hapo, kwenye kibanda, kipande cha kulima muhogo na ujira.

Ujira huo ni wa kuangaliwa kwa karibu. Karafuu huchumwa kwa mkono, kishada kwa kishada, mchumaji akiwa juu ya mti akivuta matawi kwa kamba; jioni vishada huletwa chini, watu wakaketi kuchambua punje na kutenga makonyo, kisha zikapimwa kwa pishi. Kazi ile ile, mti ule ule, wakati mwingine shamba lile lile ambalo mtu alichuma akiwa mali ya mwenziwe, sasa aliifanya na pishi zake zikahesabiwa kwa jina lake na kulipwa. Mimi huona kwamba hapa ndipo mahubiri mazito kuliko yote ya Banani yalipohubiriwa, hata kama hayakuandikwa kwenye ripoti za misheni kwa namna hiyo. Mtu hakuambiwa aache uchumaji. Uchumaji wenyewe ndio ulioachishwa utumwa.

Lakini misheni hazikuishia kwenye pishi. Zilikuwa na orodha zao za mambo ya kuachwa, na orodha hizo hazikufanana. UMCA walikuwa Waanglikana wa mrengo wa Kikatoliki: ubatizo baada ya mafundisho marefu, ubani, sikukuu za watakatifu, kitubio mbele ya padri. Marafiki hawakubatiza kwa maji, hawakuwa na Meza ya Bwana ya mkate na divai, na ibada yao ya asili ni kukaa kimya mpaka mmoja asikie ana neno la kusema. Fikiria mtu aliyeondoka mwambao wa Wete akapita Banani: upande mmoja aliambiwa mtu mpya huzaliwa kwa maji na Roho na kulishwa madhabahuni, upande wa pili akaambiwa maji si lazima, nuru imo ndani yake. Walichokubaliana wote wawili ni ulevi uachwe na ndoa iwe ya mke mmoja, na waliokaa kwenye mashamba yao walitarajiwa kulifuata hilo.

Idadi ya walioitikia ilikuwa ndogo, ikabaki ndogo. Kwa muda mrefu maelezo yaliyotolewa yalikuwa mepesi: Uislamu una nguvu, basi. Elisabeth McMahon, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima kuhusu utumwa na ukombozi Pemba, kilichotoka 2013, anaelekeza mahali pengine. Walioachwa huru, anaonyesha, walikuwa wakitafuta heshima: kuhesabiwa mtu miongoni mwa watu, kuaminiwa kwa mkopo, kuoa kwa idhini ya wazee, kusikilizwa mbele ya kadhi, kuzikwa na umati. Vyote hivyo vilikuwa mikononi mwa majirani Waislamu. Karatasi ya serikali haikuweza kuvitoa. Tena machoni pa wengi kisiwani, uhuru ulio safi ni ule aliotoa bwana mwenyewe kwa radhi za Mungu, na aliyejipatia uhuru kwa amri ya Mzungu kisha akahamia shamba la Mzungu alionekana amebadilisha bwana tu.

Mavazi yanalieleza jambo hili vizuri kuliko nadharia. Katika zama za utumwa kaniki na merikani ndiyo yaliyokuwa mavazi ya watumwa. Kofia, viatu na kujifunika vizuri vilikuwa vya waungwana. Baada ya 1897, kama alivyoonyesha Laura Fair katika utafiti wake wa Unguja, wanawake walioachwa huru walizitupa kaniki wakakimbilia kanga za rangi, na baadaye buibui. Huo ni mvuo na mvao ambao kila mtu mtaani aliuona. Mwanamke aliyetoka utumwani hakuhitaji kufafanuliwa Waraka kwa Waefeso, alikuwa ameshautenda. Ila jumuiya iliyompokea katika nguo yake mpya ilikuwa ya msikitini na ya ngoma za mtaani, na misheni ikabaki ikiuliza kwa nini hakuja kwake.

Nadhani kosa la misheni lilikuwa kusoma Biblia yake nusu. Waraka kwa Filemoni ungewasaidia. Onesimo, mtumwa aliyemkimbia bwana wake akaongoka mikononi mwa Paulo gerezani, hakupewa shamba la pembeni. Paulo alimrudisha nyumbani kwa Filemoni na barua mkononi, akitaka apokewe kama ndugu, na akaahidi kulilipa mwenyewe deni lolote. Jambo hilo lina hatari zake, na wapo waliolitumia vibaya kutetea utumwa. Siwezi kuwalaumu Marafiki kwa kutomrudisha mtu kwenye kiboko. Ila Paulo alielewa kwamba upya wa Onesimo usingekamilika mpaka nyumba iliyomjua wa zamani imkubali wa sasa. Misheni ziliwatenga watu wao ili wawe salama, na kwa kuwatenga zikawanyima mashahidi.

Ukitaka kuona tofauti, vuka bahari mpaka magharibi mwa Kenya. Mwaka 1902, miaka mitano baada ya Banani, Marafiki wa Marekani walifungua Kaimosi misheni ya aina hiyohiyo, yenye kinu cha mbao na shule. Leo Kenya ina Wakwekeri wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na Pemba imebaki na jamii ndogo. Kaimosi watu waliongoka kwa koo na vijiji. Aliyeacha mila za wazee alizungukwa na walioziacha pamoja naye. Hata hivyo wingi nao ulizaa lake. Mwaka 1927 uamsho ulilipuka Kaimosi, watu wakalia, wakaungama dhambi hadharani, wakanena kwa lugha. Wazee wa Marafiki, waliozoea ukimya, walishtuka, na kutokana na mfarakano huo likazaliwa Kanisa la Roho Mtakatifu la Kiafrika. Kundi lilelile lililoona halijafanywa upya vya kutosha ndani ya kanisa jipya likalazimika kuondoka tena. Jambo hili hujirudia sana katika Afrika Mashariki, na sidhani kama litakoma.

Kuhusu mila zenyewe, mjadala wa nini kiachwe na nini kisafishwe ulifanyika kwa uzito zaidi Masasi kuliko visiwani. Vincent Lucas wa UMCA, aliyefanywa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alikataa kuwaambia Wayao na Wamakua wafute jando. Aliliweka chini ya msalaba: wavulana walitahiriwa, walifundwa na kulindwa kama zamani, lakini padri alikuwapo na sala ziliwekwa mahali pa matambiko. Wapo waliomcheka, wapo waliomwona amepatana na upagani. Aliona kwamba mvulana asiyepitia jando angebaki mtoto machoni pa kijiji chake maisha yote, na Mkristo anayehesabiwa mtoto hatakuwa na sauti ya kuhubiri chochote.

Sasa twende kwenye Uamsho wenyewe, ule mkubwa, maana hakuna anayeweza kuandika juu ya kufanywa upya katika lugha hii akaupita. Septemba 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ukatoka Gahini, ukapita Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937, ukaingia Tanganyika kupitia Bukoba. Msamiati wa kanisa la leo ulipata nguvu huko: kuokoka, kuvunjika, kutembea nuruni, ushuhuda, mlokole. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi zake kwa majina. Alirudisha alichoiba. Shilingi za kodi zilizokwepwa zilirudi kwa mkusanyaji, jembe likarudi kwa mwenyewe, na wengine wakaenda kuomba radhi kwa watu ambao hata hawakujua wameibiwa.

Upande wa kurudisha ndio ninaoupenda. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani hakusimulia alivyojisikia; alitaja hesabu, nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Kila jirani wa Yeriko aliweza kuihakiki. Ndiyo lugha ambayo Mpemba yeyote, awe wa dini gani, angeielewa.

Upande wa kutangaza dhambi hadharani ni habari nyingine. Haukupata mizizi visiwani, na sababu haiko kwenye Uislamu peke yake. Maadili ya mwambao yamejengwa juu ya sitara. Mwenye kusitiri aibu ya mwenziwe hufanya wema, na mwenye kuanika ya kwake huwaaibisha pia mkewe, watoto wake na wazazi wake. Mtu akisimama mkutanoni Chake Chake akasimulia uzinzi wake, mwanamke wa pili kwenye hadithi hiyo anajulikana nyumba yake. Derek Peterson, aliyeuandikia Uamsho kitabu mwaka 2012, ameonyesha kwamba hata bara ulizua ugomvi kwa sababu hiyo: mlokole alianika siri za ukoo, wazee wakamwona mtu asiye na adabu kabla hawajamwona mtakatifu. Bara watu waliweza kusogea. Kisiwani utasogea wapi?

Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu wa kilokole wanaoliona kanisa la visiwani kuwa baridi. Njia mbili za kale zilizoletwa Pemba, kitubio cha UMCA na ukimya wa Marafiki, zilikuwa na kitu ambacho mkutano wa hadhara hauna. Padri anayesikiliza maungamo anafunga mdomo, anatoa malipizi, na mtu anatoka kwenda kulipa anachodaiwa bila jina la mtu mwingine kuchafuka. Katika ukimya wa Marafiki mtu hukaa na nafsi yake saa nzima bila muziki wa kumsukuma. Njia zote mbili zinaheshimu sitara na bado zinadai badiliko. Zinaweza kuzaa usingizi, nakubali. Nimekaa kwenye ibada za kimya ambamo kimya kilikuwa kimya tu. Lakini hazimgeuzi jirani kuwa hadhira. Zinamwacha abaki shahidi, na shahidi huamini anachokiona mwezi wa sita kuliko alichokisikia siku ya kwanza.

Lipo jambo gumu zaidi la kuachwa kuliko pombe, na Pemba ina jina kwalo. Evelyn Waugh alipopita pande hizi akaandika kitabu cha safari kilichotoka 1931, alisimulia sifa ya kisiwa kuwa chuo cha uchawi ambacho watu huvuka nchi kukifuata. Chumvi ya wasafiri hiyo, lakini sifa haijafa. Hata leo, pale Kariakoo, mganga akitaka wateja husema ametoka Pemba, awe ametoka huko au hakutoka. Masheikh wa kisiwa wamehubiri dhidi ya uganga wa mizimu muda mrefu kuliko makanisa yalivyokuwapo, kwa hiyo si haki kuufanya huo kuwa tatizo la Waislamu ambalo Wakristo walikuja kulitatua. Wakristo huenda pia, usiku, kwa mlango wa nyuma. Mtoto akizimia shuleni, mume akipotea bara, homa ikikataa dawa za hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, imani ya mtu hupimwa mahali ambapo mahubiri hayajafika.

Pepo wenyewe wana la kusema kuhusu sura ya Wakristo. Kjersti Larsen, aliyeishi na kuchunguza ngoma za pepo mjini Zanzibar, anaeleza kabila la pepo waitwao kibuki, wanaosemekana kutoka Bukini, yaani Madagaska. Pepo hao ni Wakristo, na wakipanda kichwani hutaka brandi. Nilicheka niliposoma, halafu kicheko kikaisha. Katika mawazo ya mtaa Mkristo ni mgeni wa kutoka mbali mwenye kiu ya pombe kali. Miaka zaidi ya mia moja ya mahubiri kuhusu mtu mpya, na alama iliyobaki kwenye ngoma ni chupa.

Alama hiyo inaeleza kwa nini kuacha ulevi kuna uzito Pemba kupita mahali pengine. Sehemu za kunywea kisiwani ni chache mno na zinajulikana, na wanaoonekana huko ni wageni wa bara: askari, madereva, watumishi. Mkristo akiacha, majirani wanaona amewajia karibu. Wala hawafikiri amekuwa Mwislamu. Wanasema tu, yule bwana siku hizi ametulia. Kutulia ndiyo sifa. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5 mwezi huohuo, mifungo miwili ikaenda pamoja siku kwa siku. Mkatoliki wa Wete aliyefunga Kwaresima mwaka ule alifunga katikati ya watu wote waliofunga, migahawa imefungwa mchana, tende na uji vikipikwa jioni. Nguvu ya kujikana aliipata bure kutoka kwa mtaa. Lakini pia hakuna aliyemwona kuwa tofauti, na kwa yule aliyezoea kudhani utakatifu ni kuonekana tofauti, hiyo ni nidhamu kubwa kuliko njaa.

Kuna pingamizi ambalo lazima likabiliwe. Ikiwa jirani ndiye kipimo, je, hatujafuga unafiki? Mtumishi wa serikali anayehamishiwa Pemba kutoka Mbeya au Moshi hujirekebisha haraka. Havai kaptula sokoni, hali hadharani mchana wa Ramadhani, hapigi muziki usiku. Akipanda boti Mkoani kwenda likizo, kabla haijafika Dar es Salaam tayari amerudi yule wa zamani. Nimewasikia wenyewe wakilitania jambo hilo, na utani huo una ukweli unaouma. Aibu inaweza kumfunga mtu mikono miaka mitatu na isimguse moyo hata siku moja. Wafarisayo nao walikuwa na majirani.

Nakubali pingamizi, ila halifiki mbali kiasi kinachodhaniwa. Jirani huona mengi kuliko mavazi. Anaona kama binti wa kazi wa nyumba ile analipwa mwisho wa mwezi au anazungushwa, kama mwalimu kutoka bara anawafundisha watoto wa Kiislamu kwa moyo uleule anaowafundishia wa kwake, na kama aliyeazima kitu hukirudisha. Mambo hayo hayafanywi na aibu kwa muda mrefu, yanachosha. Anayeyadumisha bila kusifiwa ana kitu ndani yake. Na mtu wa boti ya Mkoani, anayegeuka baharini, majirani wa Pemba wanamjua pia. Hawadanganyiki kama tunavyowafikiria, maana nao wana ndugu Dar es Salaam.

Makanisa ya kisiwani yenyewe yamebadilika sura. Baada ya Mapinduzi ya 1964 shule za misheni zilichukuliwa na serikali, na pamoja nazo ukaondoka mkono mrefu ambao misheni ilitumia kuwafikia watoto. Wazao wa jamii za zamani za Marafiki na Waanglikana bado wapo, Wakatoliki wana makanisa yao chini ya Jimbo la Zanzibar lililoundwa 1980, na wameongezeka Wapentekoste, wengi wakiwa watu wa bara walioletwa na kazi au biashara. Hawa wa mwisho wamekuja na msamiati wa Jangwani: kufunguliwa, kuvunja laana za ukoo, kuikana mizimu ya mababu kwa sauti kuu. Katika chumba cha kukodi Chake Chake sauti kuu hupita dirishani. Wachungaji wenye busara wamejifunza kuipunguza, na wakati mwingine, wakiipunguza, mafundisho yenyewe huanza kushuka kutoka kwenye laana za mababu kwenda kwenye madeni ya mtu aliye hai. Sioni kama ni hasara.

Wote hawa, hata hivyo, wana mahali pa kurudi. Yuko mmoja asiye na mahali hapo, na uchambuzi unaomkwepa haujamaliza kazi. Ni Mpemba aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu akaamua kuwa Mkristo. Ni wachache sana na sitamtaja yeyote. Kwake kuacha ya kale hakuhusu sigara wala mganga. Kunagusa sahani ya futari inayozungukwa na ndugu, mirathi ambayo sheria ya dini ya wazazi haitamgawia, ndoa yake mbele ya kadhi, na mama ambaye hatamlaani lakini atalia. Mengi ya anayotakiwa kuyaacha hayamo kwenye orodha yoyote ya dhambi ya Paulo. Anayemhimiza huyu aache yote hayo kwa furaha ya ushuhuda mzuri wa kupeleka bara anacheza na maisha ya mtu. Banani, pamoja na makosa yake, ilijua kwamba mtu anayebadilisha maisha anahitaji mahali pa kulala na kazi ya kufanya kabla hajahitaji hotuba. Kanisa la leo Pemba lina padri atakayehamishwa, kwaya ambayo nusu yake ni askari wanaosubiri kupangiwa kituo kingine, na mchungaji anayelipa kodi ya chumba kwa miezi sita sita. Kabla ya kumbatiza mtu huyo lingepaswa kumweleza waziwazi atakula na nani Iddi, ataoa wapi, na siku akifa ni kina nani watakaoshika jeneza, maana watu wa kwao, ambao pengine watakuwa bado wanampenda, watabaki wamesimama ng'ambo ya barabara wasijue kama wanaruhusiwa kuvuka.